Mistari ya makaa nyuma ya mlango wangu

Nina miaka sabini na mbili, nimestaafu, naishi Bunia. Admin, nifichie jina. Majina ya ninaowataja nimeyabadilisha.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi za Zaire, nilikuwa mpima kahawa kwenye bohari moja hapa mjini. Kila jioni nikitoka kazini nilipita kwa Kambale, fundi cherehani aliyehamia kutoka Butembo. Tulikuwa kama ndugu. Kwake salamu ilikuwa glasi ya lotoko, pombe kali ya mahindi. Baada ya miaka sita mikono yangu ilitetemeka juu ya mizani mbele ya wateja. Bosi akanipa mwezi mmoja nibadilike au niondoke.

Sikuweka nadhiri; nilikuwa nimeshaziweka nyingi. Nilibadilisha njia tu. Niliiacha barabara ya Kambale nikawa nazunguka kupitia mtoni, karibu nusu saa zaidi. Kila jioni niliyofika nyumbani bila kunywa nilichora mstari wa makaa nyuma ya mlango. Nikajiambia, ikifika mia moja nitampitia tena.

Kambale alinikuta sokoni, akanicheka mbele ya watu: "Unazunguka muji muzima juu ya kukimbia glasi? Glasi haiko na miguu, ndugu yangu."

Nilipofika mstari wa hamsini na moja, akaja Masika. Dada yake mkubwa, Kavira, alikuwa mke wa Kambale. Akasema shemeji yake ni mgonjwa kitandani, tumbo limevimba, ananiita. Nikasema nitakuja. Sikwenda. Siku nne baadaye akarudi, akasimama mlangoni, akayatoa maneno kama alivyotumwa:

"Anasema munganga amemukataza pombe, na peke yake hawezi. Uende umuonyeshe namna weye ulifanya."

Nilitazama mistari yangu. Chini ya kitanda cha Kambale siku zote kulikuwa na chupa, nami nilijijua: nikiiona nitakunywa. Nikamwambia Masika wiki ijayo. Kambale alizikwa kabla wiki haijaisha. Jioni ya mazishi pia nilichora mstari.

Kilioni, Kavira aliniuliza kwa nini sikuja. Nikajibu: "Miye, hakuna mutu alikuya kuniambia."

Akamgeukia mdogo wake. Masika akasema alikuja kwangu mara mbili. Akanitazama, mimi nikatazama chini. Mbele ya wote Kavira akamwambia kwamba mume wake amekufa akimngoja mtu ambaye hakuitwa, na asikanyage tena nyumbani kwake. Hadi leo hajakanyaga.

Tangu wakati ule sijaonja pombe. Kazi ilibaki, watoto wakasoma. Sasa vijana wa kanisa letu wameniomba niwafundishe Jumapili jinsi ya kujenga mazoea mema. Wameshatangaza. Kavira husali hapo. Masika pia, upande wa pili.

Wiki iliyopita nilimfuata Masika sokoni nikamwambia nataka kusema ukweli. Aliendelea kupanga samaki wake waliotoka Tchomia, kule ziwani.

"Acha, muzee," akasema. "Yaya Kavira anagonjwa moyo sasa. Na miye niliisha kuzoea."

Nikinyamaza, Masika atakaa tena akinisikiliza nikisifiwa. Nikisema, huenda nikamwangusha dada yake, na yeye mwenyewe amenikataza. Zimebaki siku tano. Ninyi mnaosoma hapa, nishaurini: nikisimama mbele ya wale wawili, nianze na neno gani?