Mejumaa na Kicheko cha Upande wa Pili

Mejumaa alikuja kibandani kwangu Ukunda kununua kanda moja tupu, akakaa karibu saa nzima akiipunguza bei. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita. Mimi nimekulia Taru, kando ya barabara kuu, na nimewauzia madereva wa malori mbuzi tangu nikiwa msichana mdogo. Sikuzoea kushindwa bei. Lakini yule alikuja na mbinu nisiyoijua. Alikunja mgongo, akameza midomo kama mtu asiye na meno, akageuka bibi kizee papo hapo.

"Mjukuu wangu Kadzo," aliniambia, na sote tulikuwa wanawake wa rika moja, "marehemu babu yako aliniachia vitu viwili: kikohozi, na kitanda cha kamba zilizokatika. Sasa wataka nikuuzie kikohozi ndipo nipate kanda?"

"Kikohozi ninacho, bibi. Lete kitanda."

"Kitanda amekilalia mwenyewe! Kufa amekufa, kuondoka hataki!"

Watu walisimama. Mama wa viazi vya karai aliacha mafuta yakaungua. Mejumaa aliondoka na kanda kwa bei aliyoitaka yeye, na mimi nilikuwa nimewauzia waliosimama kumsikiliza kanda nyingi kuliko nilizouza wiki nzima. Kesho yake nilimtafuta.

Hakuwa mtu wa kutafutwa sana. Alikuwa akiigiza katika kikundi kilichocheza hotelini Diani kila Jumatano, harusi ya Kidigo ya uwongo mbele ya watalii. Yeye alikuwa mama wa bwana harusi, mkali, mwenye kumkagua bibi harusi kuanzia nyayo. Bibi harusi alikuwa Lenah, msichana wa bara aliyejifunza kulia papo hapo akipewa ishara ya kidole. Watalii hawakuelewa neno hata moja, lakini Mejumaa akiinua nyusi, walicheka.

Nilimwambia hotelini anawachekesha watu wasiosikia lugha, na huku Kwale nzima inasikia. Tumrekodi yule bibi kizee. Tukakubaliana. Kanda ikaitwa "Upenuni kwa Bi Mashaka", na kila nusu ya mwezi ilitoka mpya: Bi Mashaka, mjane wa kale, ameketi upenuni anasengenya mji, anajibu barua za wasikilizaji, anagombana na marehemu mumewe kana kwamba yumo ndani amejifunika shuka. Barua zilitoka Jego, zilitoka Lunga Lunga, na madereva walizipeleka kanda hizo hadi Tanga. Kanda mama, ile ya kwanza ambayo nyingine zote zilinakiliwa kwayo, ilibaki kwangu, na sehemu kubwa ya mauzo pia. Sikumficha. Hakuuliza.

Tulirekodia katika chumba cha nyuma ya kibanda, mablanketi yametundikwa ukutani kuzuia makelele ya barabara. Aliyebonyeza kitufe cha redio kaseti alikuwa mumewe, Alfani, fundi wa kuezeka makuti. Mtu mrefu, mpole, mikono imechanikachanika. Alikuwa na kicheko cha ndani ya kifua, kinachoanza kama anakohoa, na mkewe akimtukana marehemu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Mwanzoni nilitaka kumtoa nje kwa sababu kicheko kiliingia kwenye kanda. Wateja walikipenda bila kujua ni cha nani, nikamwacha.

Mwaka wa tisini na saba, Agosti, kulitokea machafuko Likoni, watu wa bara wakashambuliwa. Watalii wakaondoka, hoteli zikafunga milango, Lenah akarudi kwao bara pamoja na wengine wengi. Harusi ya uwongo ikafa. Nyumba ya Mejumaa ikaishi kwa Bi Mashaka peke yake. Zikaja zile mvua zisizokwisha, zikaozesha paa pwani nzima, na hoteli zilipoanza kujiandaa kufungua tena, Alfani akapata kazi nyingi kupita nguvu zake. Julai ya tisini na nane alishikwa na homa. Alisema ni uchovu. Siku ya nne alizikwa kwao Msambweni.

Nilikwenda mazikoni. Mimi si Mwislamu, lakini msiba hauna mgeni, na wanawake walinipa nafasi mkekani. Hapo ndipo nilipoyasikia maneno ya watu. Walisema chinichini, na hawakujali kama ninasikia.

"Miaka miwili amwita mumewe marehemu."

"Na anacheka."

"Maneno huumba, dada."

Mama yake Alfani aliwasikia, akaendelea kuhesabu tasbihi. Jioni Rai, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama nyuma ya pazia la mlango akazungumza na mjane.

"Shemeji, watu wana midomo, na mimi siwezi kuishona. Kaa eda yako ikamilike, miezi minne na siku kumi, bila doa. Siku utakayotoka nitasimama mbele ya ukoo niseme kwamba kifo cha ndugu yangu hakina mkono wako. Nikishasema mimi, hapana atakayekunyooshea kidole. Ukitaka kurudi kuigiza, rudi."

"Nimesikia, shemeji," alijibu Mejumaa.

Kuanzia siku hiyo alikuwa kizuka, mjane aliye ndani, na alilitaka neno hilo la Rai kuliko chakula. Hoteli ilifungua mwezi uliofuata ikamtumia ujumbe: aje, la sivyo nafasi yake atapewa Lenah, ambaye amerudi. Ujumbe niliupeleka mimi. Alikuwa ameketi kitandani kwa nguo nyeupe, bila mafuta, bila wanja, dirisha limezibwa kwa kanga.

"Mwambie Lenah aichukue," alisema.

"Ile ni nafasi yako ya miaka, shoga."

"Na huyu alikuwa mume wangu wa miaka."

Nami nilikuwa na shida yangu. Wateja waliuliza kila siku kanda mpya iko wapi, na jirani yangu Katana alikwisha kuanza kurekodi mtu wake wa vichekesho, kijana asiyechekesha. Mteja wa kanda ukimwacha mwezi mmoja hurudi. Ukimwacha mitano, amehama. Septemba nikaenda tena Msambweni.

"Usiniombe Bi Mashaka," aliniambia kabla sijakaa.

"Sikuombi Bi Mashaka. Nakuomba wewe."

"Mimi ni wa kusikilizwa na nani?"

"Wanaokusengenya. Wakusikie ukimtaja mumeo kwa sauti yako, si ya bibi kizee. Wewe ndiwe uliyekatazwa kutoka. Sauti yako hawakuifungia. Majirani si wanakusikia ukiitikia salamu?"

"Kadzo, wewe ungeweza kumuuzia samaki maji."

"Na angeniomba nipunguze."

Hakucheka. Lakini alimtuma wifi yake kwa mwalimu wa madrasa, na jibu lilirudi kwamba kumtaja marehemu kwa wema na kumwombea dua si kosa. Pambo na mchezo ndiyo makosa. Rai naye akakubali. Basi alasiri moja nikaweka redio kaseti juu ya kigoda, nikabonyeza kitufe mimi mwenyewe, kwa kuwa wa kukibonyeza hayuko.

Alisema nusu saa. Alieleza jinsi Alfani alivyokuwa akihesabu makuti kwa sauti hata usingizini. Jinsi alivyomwachia yeye kichwa cha samaki akidai hakipendi, kumbe akikipenda. Jinsi siku ya mwisho, homa imempanda, alivyouliza kama nyumba ya jirani inavuja. Mwisho alisema: "Nilimwita marehemu naye yu hai. Niliwapa watu wamcheke, na yeye akawa wa kwanza kucheka. Kama hilo ni kosa, Mungu ndiye ajuaye. Mimi nalikumbuka kila nikilaza kichwa." Kisha akanyamaza, na kanda ikaendelea kuzunguka hadi ikafika mwisho wa upande.

"Iache hivyo ilivyo," aliniambia. "Usiongeze kitu. Hata muziki."

"Sitaongeza muziki."

Nilirudi Ukunda. Sasa, kanda ina pande mbili, na katika kazi hii nilijifunza mapema kwamba mteja akigeuza kanda akakuta upande wa pili kimya, huirudisha siku hiyohiyo akisema umemwibia. Ndani ya sanduku langu mlikuwa na Bi Mashaka mmoja wa Mei ambaye hakuwahi kutoka. Nikaweka yule. Nikisema nilifikiri sana nitakuwa mwongo. Niliona upande mtupu, nikaujaza, kama mtu anavyojaza gunia.

Zilikwisha kwa siku tatu. Nikanakili nyingine, zikaisha. Wanawake walilia kibandani, wamesimama na vikapu vyao. Kisha walikwenda nyumbani, wakaigeuza kanda.

Upande ule Bi Mashaka alikuwa akipiga kelele: "Hoo, marehemu! Hata kaburini wapapasa chini ya mkeka kutafuta tumbaku!" Akaangua kicheko. Na nyuma yake, kwa mbali, kicheko cha mwanamume, kinachoanza kama kikohozi.

Katika wiki moja habari ilikuwa imefika Jego: kizuka wa Msambweni anacheka ndani ya eda, na chumbani mna mwanamume.

Rai aliniita. Nilikwenda na redio kaseti yangu, kwa sababu katika mabishano ni afadhali uende na bidhaa mkononi. Alikuwa ameketi barazani na mama yake, hakunikaribisha kiti.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba," alijibu mama, akitazama pembeni.

"Ni nani mwanamume huyo?" aliuliza Rai.

"Ni nduguyo."

"Usinichezee, Kadzo."

"Upande huo ni wa Mei. Nimeuweka mimi, bila kumwambia mtu. Alfani ndiye aliyekuwa akibonyeza kitufe. Sikilizeni."

Nikaicheza. Kicheko kilipotoka, mama yake Alfani alishika mkono wa Rai. Aliniomba nirudishe. Nikarudisha. Mara ya tatu alisema, "Ndiye," akajifunika uso kwa mtandio.

"Sisi tumeamini," alisema Rai mwishowe. "Waliobaki je? Utamchukua mamangu umpeleke nyumba hadi nyumba awathibitishie kuwa kicheko hicho ni cha mwanawe?"

Nilisema nitaacha kuiuza. Alisema niache, lakini zilizokwisha kutoka hazina mtu wa kuziita zirudi.

Niliingia kwa Mejumaa. Alikuwa amesikia yote kupitia pazia.

"Nilikuambia usiongeze kitu."

"Upande ulikuwa mtupu, shoga."

"Ndivyo ulivyotakiwa kuwa."

Nimebishana na madereva, na askari wa barabarani, na wanunuzi wa ng'ombe kutoka Mombasa. Hapo nilibeba redio kaseti yangu, nikatoka.

Eda ilikwisha Desemba mwanzoni. Nilikuwapo. Walikuwa wametandika mikeka ya watu wengi, na waliokuja hawakujaza hata nusu yake. Rai alisimama, akalisema neno lake kama alivyoahidi, akaapa mbele yao kwamba mwanamume wa kwenye kanda alikuwa nduguye mwenyewe. Waliokuwapo waliitikia amina. Wale waliokusudiwa na neno lile hawakuwapo kulisikia. Mejumaa alitoka na nguo mpya, akawashika mikono watu wote waliokuja, mmoja mmoja, na haikuchukua muda.

Kiongozi wa kikundi, Mwinga, alimfuata siku chache baadaye. Alisema watamrudishia nafasi, Lenah yuko tayari kurudi kuwa bibi harusi. Mejumaa alimuuliza kama watakaocheza ngoma ya ile harusi bado ni wanawake wa Msambweni, wale waliomsengenya. Mwinga akasema ndio. "Basi niache," akamwambia. "Siwezi kuinua nyusi mbele yao."

Januari alikuja kibandani kwangu. Alisimama wima, akasalimu kwa sauti yake.

"Nimekuja kuchukua kanda mama. Zote za Bi Mashaka."

"Zile ni mali, Mejumaa. Bado zaombwa."

"Sikuja kukupunguzia bei. Taja."

Nilifikiri. Ile kanda ya msiba niliacha kuiuza, kweli, lakini fungu lake la mauzo yaliyotangulia lilikuwa bado mkononi mwangu, na lilikuwa kubwa kuliko la kanda yoyote tuliyowahi kutoa. Nikamwambia aniachie hilo, achukue kanda. Nilitazamia atake japo nusu, ningempa. Alikubali mara moja. Ni biashara rahisi kuliko zote nilizofanya Ukunda, na sikuifurahia.

Alizitia kwenye kikapu, akaweka kanga juu. Nilimuuliza atafanya nini nazo. Akasema mama mkwe wake hapati usingizi, na amemwomba kile kicheko; mengine yote atayafuta ili mtu asije akayakuta.

Kwa fungu lile nilihama kibandani, nikapanga chumba chenye mlango wa chuma, na Katana mpaka leo anadhani nilikopa. Kanda za vichekesho niliacha. Nauza za dini na za taarab, hutoka polepole. Mejumaa yuko Msambweni kwa mama mkwe wake, hakufukuzwa. Husuka makuti barazani, na mafundi waliofanya kazi na Alfani humnunulia. Wapita njia humsalimu, naye huitikia, kwa maneno machache kadiri adabu inavyoruhusu.