Mswaki Uliofichwa

Asubuhi nilipokiona kile kitu kwenye kioo, nilipiga ukelele hadi mama mkwe akaacha kukamua ng'ombe. Juu ya meno yangu ya mbele, kwenye ufizi, kulikuwa kumeota kinyama chekundu, kikubwa kama haragwe lililolowekwa. Nilikigusa kwa ulimi, damu ikajaa mdomoni. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, miezi sita, na wazo lililonijia ni saratani. Nilijiona nikizikwa kabla mtoto hajaijua sura yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Kihurio, kule bondeni kwenye mpunga, nikaolewa milimani Mhezi. Mume wangu alikuwa na kazi Mwanga na alirudi mwisho wa wiki, kwa hiyo mimba niliilea na mama yake. Alinipenda, nisimsingizie. Ila mapenzi yake yalikuja na amri. Fizi zangu zilipoanza kutoka damu, muda mrefu kabla ya kile kinyama, alinikuta uani nikipiga mswaki na kutema povu jekundu. Alinidaka mkono.

"Mwanangu, unatema damu ya mtoto," alisema. "Hiyo ndiyo inayomjenga. Ukiimwaga kila asubuhi, atazaliwa na nini?"

Siku hiyohiyo mswaki wangu ukapotea. Nilipouliza, alinijibu bila kupepesa macho kwamba ameuficha, nitaupata nikishajifungua. Badala yake akanipa tangawizi. Kule tangawizi ndiyo zao, ndiyo chai, ndiyo dawa ya kila kitu kuanzia mafua hadi huzuni. Niliitafuna kwa ajili ya kichefuchefu, nikaisukutulia, na fizi zilipovimba akaiponda na kunibandika. Iliniwasha hadi machozi yakanitoka. Mimi nina mdomo, yeyote wa nyumba ile atakuambia, lakini ilipotajwa damu ya mtoto nilinywea.

Kinyama kilipotokea, aliitwa shangazi wa mume wangu, mama anayewakata watoto vimeo wanapokohoa bila kupona. Alinifunua mdomo, akakibonyeza, akacheka.

"Hiki ni kimeo kilichopotea njia," alisema. "Jumamosi nakuja na wembe mpya. Utasikia kama umeng'atwa na siafu, basi."

Nilimshukuru. Ndiyo, nilimshukuru! Nilikuwa na hofu kiasi kwamba angesema atakikata kwa panga ningemuuliza ni saa ngapi.

Kabla Jumamosi haijafika, siku yangu ya kliniki ikafika. Muuguzi aliponiona nafuta damu kwenye midomo, hata tumbo hakulipima kwanza. Aliniambia niende Same kwa daktari wa meno. Mama mkwe akanisindikiza, amenuna njia nzima, maana kwake daktari wa meno ni mtu wa kung'oa, na mwenye mimba hang'olewi jino.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Tulimwamkia, akaniangalia kwa kioo chake kidogo, hakushtuka hata kidogo.

"Si saratani," alisema. "Mimba hulegeza fizi, zikavimba upesi uchafu ukiganda kwenye meno. Wengine huota hiki. Mara nyingi hunywea chenyewe baada ya kujifungua, na kisiponywea tutakitoa hapahapa. Unapiga mswaki mara ngapi kwa siku?"

Nilimtazama mama mkwe. Alijibu yeye: "Hapigi. Nimemkataza. Anamwaga damu ya mtoto."

Daktari alikiweka kioo chini. "Mama, ile damu haitoki kwa mtoto. Inatoka kwenye fizi zinazoumwa, na zinaumwa kwa kuwa hazisafishwi. Apige mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala. Akitapika, asukutue kwa maji kwanza, asikimbilie mswaki."

Nilibaki mdomo wazi, na safari hii si kwa sababu ya kupimwa. Kumbe nilinyang'anywa dawa yenyewe! Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nikamwambia daktari habari ya Jumamosi na wembe.

"Kinyama hiki ni mishipa ya damu mitupu," alisema. "Wangekikata huko kwenu milimani, damu ingezuiwa na nani?"

Niliiona barabara ya Mhezi siku ya mvua, inavyoteleza, na mimi nimelala nyuma ya gari na kanga mdomoni.

Mama mkwe alikuwa na mapengo, hilo nililijua, nikidhani ni uzee. Sasa akasogea mbele ya daktari, akafunua mdomo wake mwenyewe.

"Na haya?" aliuliza. "Mimi pia nilikatazwa na mama mkwe wangu. Kila mimba niliacha mswaki, kila mtoto akaondoka na jino. Nikasema nimempa. Yangebaki?"

"Mengi yangebaki, mama."

Alifunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kutikisika. Hasira yangu iliisha palepale. Nilimwambia asilie, meno ni meno tu, watoto wake wote wapo hai.

"Silii meno," alisema, akanishika kiganja kwa nguvu. "Jumamosi mimi ndiye niliyeambiwa nikushike kichwa."