Niliambiwa niombee chapati tu

Watu wangu, leo nimemwaibisha mtoto wangu mbele ya kamera na sijui nitaficha uso wapi.

Binti yangu Wanjiru anaigiza kwa kipindi cha runinga cha wasichana wa bodingi wanaolala chumba kimoja na kuanzisha bendi. Yeye ndiye mpiga ngoma.

Leo walikuwa Lavington wakirekodi siku ya wazazi kutembelea shule. Wazazi hawakutosha, nikaombwa nikae kwa nyasi na hotipoti ya chapati.

Mwelekezi wa kipindi akaniambia, "Mama Wanjiru, ombea chakula. Kidogo tu. Ukisema Amina, wasichana wanaanza kuimba."

Kidogo tu! Mimi, kiongozi wa maombi ya akina mama hapa Kabiria.

Nikafumba macho. Chapati nikazibariki vizuri. Nikakumbuka waliozipika. Kutoka hapo nikaingia kwa wagonjwa, mitihani, na walinzi wa hayo mageti yote ya Lavington.

Na mnatujua. Nani atakatiza maombi? Mwelekezi mwenyewe alivua kofia. Mshika kamera akainamisha kichwa.

Nilikuwa nimefika kwa taifa letu mvua ilipoanza.

Kamera na ngoma zikakimbizwa ndani. Wimbo haukurekodiwa. Ule wimbo Wanjiru amefanyia mazoezi hadi sufuria zangu zikabonyea!

Semeni ukweli, nyinyi mngeishia kwa chapati?

Mwelekezi akanijia polepole, kwa heshima. "Mama, kesho tunarudia. Wewe utakuwa yule mzazi ambaye hakufika."

Na hapo aliyesema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote ni binti yangu.