Fundo la Tatu

Mimi ndiye askari wa chama chetu, na usicheke. Shule niliachia darasa la pili, lakini hao akina mama wengine kumi, wenye masomo na wenye magari, wote wananiogopa.

Chama yetu ni ya matanki. Tunachanga, tukifikisha tunamnunulia mama mmoja tanki ya maji, tunaanza tena kwa mwingine. Kukutana tunakutana mara moja kwa mwezi, leo Bondeni, mwezi ujao kwangu hapa Free Area, tunazunguka hivyo.

Zamani ukikosa mkutano unatoa faini ya pesa. Halafu mwenyekiti wetu, mama mwenye duka ya mabati na misumari, mnene wa sauti, akaniletea noti mwanzo wa mwaka. "Askari, shika. Hiyo ni faini yangu ya mwaka mzima. Nikikosa usinisumbue." Akina mama wakapiga makofi ati mwenyekiti ni mtu wa mpango. Mimi nikaona huyu hajalipa faini, huyu amenunua ruhusa. Nikamrudishia noti yake.

Nikatunga sheria nyingine. Kila mama alete kipande cha nguo yake kuukuu, ndio nimjue bila kusoma. Ukikosa mkutano, kwa mkutano unaofuata nafunga fundo kwa hicho kitambaa mbele ya watu. Fundo tatu, umetoka chama. Na fundo ikishafungwa haifunguliwi. Hapo niligonga meza mpaka vikombe vikaruka. Wakakubali wote. Sikujua najifungia mwenyewe.

Sasa ikaja maneno ya simu. Katibu wetu, msichana mdogo wa miaka hamsini, akasema mambo ya kupigiana simu imeisha, tuingie kwa group. Ile ya kwa simu kubwa, yenye kila mtu Kenya hii yuko ndani, kanisa iko ndani, shule iko ndani, hata fundi wa choo yuko ndani. Mjukuu wangu akaniingiza. Mimi kusoma ni shida, lakini kuna ile ya kuongea unabonyeza unasikia, hiyo naiweza sana.

Kumi tukaingia. Mmoja akabaki nje. Huyo ni rafiki yangu wa Subukia, tuliolewa mwaka mmoja, tukafiwa na mabwana mwaka mmoja. Simu yake ni mulika mwizi, ile ndogo ya tochi isiyoingia group, imefungwa na raba asije akapoteza betri, na kwake network inapatikana tu ukisimama kando ya boma ya ng'ombe. Meseji ya kuandika, kusoma kunamshinda kuliko mimi. Kila mtu kwa group alidhani mwingine amempigia. Mimi pia nilidhani. Hapana, wacha niseme ukweli: mimi nilisahau. Simu ikishalia tiriri unaona ni kama dunia yote imeambiwa.

Mkutano wa kwanza hakuja. Kitambaa chake ni cha kahawia, cha pindo la sketi yake ya kuendea kanisa. Nikafunga fundo. Mwezi ukaisha, hakuja tena. Nikafunga ya pili, mwenyekiti akisema, "Hawa wa mbali ndio wanarudisha chama nyuma." Na yeye kitambaa chake cha maua kilikuwa na fundo mbili pia, za safari zake za Nairobi.

Mwezi wa tatu mkutano ulikuwa uwe Jumamosi, kama kawaida yetu. Jumatatu katibu akaandika kwa group: imesongeshwa, ni Alhamisi, Bondeni. Tukaenda Alhamisi.

Jumamosi asubuhi nasikia hodi. Ni yeye, amevaa hiyo sketi, amebeba mtungi wa maziwa.

"Dada, miezi miwili nimengoja kupigiwa simu, leo nimekuja mwenyewe. Nimetoka Bondeni, nimepata geti imefungwa na mbwa inanitukana. Kwani leo si mkutano?"

Nikamwambia ulikuwa juzi.

"Juzi?" Akaweka mtungi chini polepole. "Nani aliambiwa?"

"Ilikuwa kwa group."

"Group iko wapi niende?"

Ningecheka, lakini nilimwona miguu. Vumbi mpaka magoti. Akaketi, akakunywa chai, akaniuliza, na sio kwa kulalamika, "Hiyo ni fundo ya ngapi sasa?"

"Ya tatu."

"Na tanki inayofuata ni ya nani?"

Alikuwa anajua. Ilikuwa yake. Miaka amechanga, hajawahi kuchelewesha, akichota maji mtoni na mtungi, na nyonga ile moja yake haikubali tena ile miteremko. Mkutano unaofuata ndio ningefunga fundo ya tatu na mikono yangu, na tanki iruke iende kwa mwingine.

Akaniachia maziwa yote akaenda.

Hiyo siku nikaona hii group ndio inaniharibia. Nikabonyeza, nikabonyeza, nikapata pahali pa kutoka, nikatoka. Wee! Haikuisha dakika kumi, simu zikaanza. Katibu anauliza nimekosewa na nani. Kijana wangu wa mwisho anapiga ati amesikia nimegombana na chama. Mjukuu anakuja mbio kutoka jikoni: "Shosho, umeleft group! Watu wanadhani umekasirika!"

"Nimekasirika."

"Lakini huwezi left hivyo tu, inaandikwa, kila mtu anaona!"

Kabla sijamjibu nikawa nimerudishwa ndani. Hata hawakuniuliza. Mtu anatoka kwa nyumba analetwa kama kuku ameruka ua.

Wiki nzima sikulala vizuri. Nikifunga fundo, nimemmaliza rafiki yangu. Nikikosa kufunga, mimi ni askari wa bure, na mwenyekiti atakuja na noti yake tena. Nilikuwa nachambua maharagwe, redio inaongea, mtangazaji akasema kuna kampuni kubwa ya mambo ya simu na intaneti, huko ng'ambo, imepigwa faini. Hiyo pesa alivyoitaja hata yeye alivuta pumzi katikati. Makosa? Ati imejifanya ndio mlango pekee. Ukitaka kununua, kuuza, kutafuta kitu, lazima upitie kwake, na wale wadogo wenye milango yao wanafungiwa nje.

Nikamuuliza mjukuu, "Sasa watafanya nini hao?"

"Watakata rufaa miaka, halafu watalipa. Kwao hiyo ni kama wewe ukinunua kiberiti, shosho."

"Na mlango?"

"Mlango ni huo huo. Si sisi wote tuko ndani?"

Nikaacha maharagwe. Nikaona noti ya mwenyekiti. Halafu nikajiona mimi mwenyewe, na kitambaa cha kahawia mkononi. Kwani nani alimfungia huyo mama nje? Hiyo kampuni haimjui hata jina. Ni sisi tulichukua mlango wao tukauweka kwa chama yetu, na mimi ndiye nasimama mlangoni.

Siku ya mkutano ilikuwa kwangu. Huyu wa Subukia nilimpigia mara tisa mpaka akafika kando ya boma ya ng'ombe akashika. Akaja, akaketi karibu na mlango, kama mtu anangoja kuambiwa aende.

Mwenyekiti akaanza. "Askari, maliza yako tusonge mbele."

Nikatoa kitambaa cha kahawia. Nikaongea hivi: "Ile Alhamisi ya Bondeni, huyu aliitwa?"

"Ilikuwa kwa group," katibu akasema.

"Nimeuliza kama aliitwa."

Katibu akaanza kupekua simu yake.

"Mkutano ambao mwenzetu hakuitwa sio mkutano. Hiyo ilikuwa ni watu wanakunywa chai. Kwa hivyo huo mwezi hakuna mtu alihudhuria. Sisi wote tulikosa." Nikatoa vitambaa vyote kumi na moja nikavipanga kwa meza. Nikaanza na changu, nikafunga fundo. Nikachukua cha katibu, nikafunga. Nikashika kile cha maua.

"Ngoja!" mwenyekiti akaruka. "Hiyo yangu iko na mbili tayari."

"Naona."

"Si itakuwa tatu?"

"Hesabu nilifika hapo kabla niache shule."

Akina mama wakaanza kukohoa, wengine wameficha uso kwa leso. Mwenyekiti akaangalia kitambaa, akaangalia huyu wa mlangoni. "Kwani... fundo haiwezi kufunguliwa?"

"Sheria inasema haiwezi."

"Sheria ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Basi si uibadilishe, mathe, kwani ililetwa na malaika!"

Akataka kulipa. Aki huyo mama, alifungua mkoba kabisa! Nikamwambia afunge. Tukaongea mpaka chai ikapoa. Fundo zote za mtu ambaye hakuitwa, nikafungua. Za ile Alhamisi pia. Lakini zake mbili za Nairobi zilibaki, huyo aliitwa. Na chama yenyewe nikaipiga faini: mkutano unaofuata ni Subukia, tunapeleka tanki wenyewe, na kila mtu atachota maji mtoni mara moja na huo mtungi, ndio aonje.

Wakachota. Mwenyekiti aliteleza mara mbili, na hakuwa na mtu wa kumlipa amchotee. Mwenye tanki alisimama juu ya mteremko akimpigia kelele, "Pole pole, mwenyekiti, hiyo ndiyo njia yangu!"

Group bado iko. Hakuna mtu ametoka, na mimi sitoki, naogopa kuletwa tena kama kuku. Lakini niliongeza sheria: kila neno la group, askari lazima ampigie wa Subukia amwambie kwa mdomo. Hiyo ndio faini yangu, na nailipa mpaka leo. Tatizo ni moja. Mimi namwambia mkutano ni lini, dakika moja. Yeye ananiambia ndama amekula nini, tanki imejaa mpaka wapi, jirani amesema nini, nikisema "haya dada, kwaheri" anasema "ngoja kidogo, bado." Jana chakula iliungua nikiwa hapo nimeshikwa.