Mvua ya Januari

Kwetu Bungoma, efula ni mvua. Mvulana akizaliwa majira ya mvua ni Wafula, msichana ni Nafula. Hakuna siri hapo. Mwanangu wa kwanza nilimzaa Kabuchai maji yakiingia mpaka jikoni, mkunga akapandisha sketi yake akasema, "Huyu amejipa jina mwenyewe."

Mwaka juzi nilimzika. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto. Kwetu mtoto anaweza pia kurithishwa jina la marehemu wa ukoo, lakini si kila marehemu. Aliyekufa bila kuacha mtoto haitwi tena. Anaenda na jina lake, basi.

Januari hii mke wa kijana wangu wa pili alijifungua mvulana huko Kitale. Nikaenda na kuku na unga wa wimbi. Maneno nilikuwa nimeshayapanga. Sikulia njiani. Siku hizi silii, nimekauka tu.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa amefika kabla yangu na kukalia kiti kizuri.

"Mjukuu anaitwa nani?" akauliza.

"Wafula."

Akaweka kikombe chini. "Wifi, unajua hiyo haiwezekani."

"Si yeye nimemwita. Nimeita mvua."

"Mvua gani, bana? Mahindi tumevuna yakaisha, vumbi mpaka kwa chai!"

"Kwani Kitale hainyeshi?"

"Ati Kitale! Mtoto wa kiangazi ni Simiyu. Kiangazi ni kiangazi."

Kijana wangu akanimiminia chai. Ningegombana. Mimi si mtu wa kunyamazishwa, uliza ukoo mzima. Lakini nilikuwa na ganzi mpaka kwa meno. Nikanywa chai yangu, na kweli ilikuwa na vumbi.

Wifi alipoenda zake, mke wa kijana wangu alikuja akaniwekea mtoto mapajani.

"Mama, mkiwa wawili tu, mwite vile unataka. Sitaambia mtu."

Akatoka. Nikamtazama mtoto uso wote, nikitafuta. Pua ni ya kina mama yake. Masikio sijui ni ya nani. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nikaufungua tena. Jina lilikuwa pale pale kwa ulimi, lakini lilikuwa na mwenyewe.

"Simiyu," nikamwambia. "Lala, Simiyu."