Daftari Langu la Chakula

Muuguzi aliniambia damu yangu imepungua, niandike kila ninachokula kwa mwezi mmoja. Mimi huandika polepole, kwa hivyo nilianza kuandika hata kabla sijamaliza sahani. Mke wa kaka yangu, ambaye ndiye hutupikia, alikuwa akinitazama. Siku ya nne alishika mwiko bila kunipakulia.

"Unamwandikia nani chakula changu?"

Niliona haya kutaja habari ya damu. Nikampa daftari, akasoma kwa sauti.

"Muthokoi wa mahindi na maharagwe, sahani moja. Mboga, kidogo." Akaniangalia. "Kidogo? Nani alikunyima mboga, shemeji?"

Aliniwekea mlima wa majani ya kunde, akasimama kando yangu.

"Andika nikiona."

Niliandika "nyingi". Hakuondoka. Alitaka kuona kama nitazila kweli.