Bibi Aliyesikiliza Magurudumu

Bibi yangu mzaa baba alianza kufuata mbio za baiskeli akiwa ameshazeeka, mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba waliingia Bariadi. Kabla ya hapo pamba yetu yote ilichukuliwa na ushirika. Serikali ilipofungua biashara, wakaja matajiri na malori yao, na kila mmoja alitaka mkulima amkumbuke yeye siku ya kupeleka pamba kwenye mizani. Wengine waligawa kofia, wengine walileta ngoma. Kisha mmoja akaajiri waendesha baiskeli, na wenzake, kwa kuogopa kuachwa, wakafanya hivyo hivyo.

Vijana hao hawakuwa wakishindana kwa kujifurahisha. Ilikuwa kazi yao. Walilipwa kwa mwezi, walilishwa nyama na maziwa, na msimu mzima wa kununua pamba walishindana sehemu mbalimbali wakiwa wamevaa mashati ya rangi ya tajiri wao. Baiskeli zenyewe zilikuwa nyeusi, kama zile tulizobebea maji na magunia, ila zilikuwa zimevuliwa madigadi, keria na kengele.

Mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja mjini. Mwenye duka alipata kazi ya kushona namba za vitambaa za waendeshaji, akanipa mimi. Ndipo nikapata ruhusa ya kupanda lori la tajiri wa mashati ya njano kwenda kila penye mashindano, maana namba zilikuwa zinachanika na lazima mtu awepo na sindano. Bibi aliposikia hivyo alisema na yeye anakwenda. Nilidhani anatania. Asubuhi ya mbio za kwanza nilimkuta kwenye lori, ameketi juu ya magunia matupu, kitenge kipya kichwani.

Babu alikuwa fundi baiskeli. Macho yake yalipoanza kufifia, bibi ndiye aliyekuwa akinyoosha rimu na kukaza spoku, na babu alimfundisha kazi hiyo kwa masikio: unainua gurudumu, unalizungusha, unasikiliza. Babu alipokufa bibi aliuza vifaa vyote, lakini mazoea hayakumtoka. Baiskeli ikipita nje alikuwa anaacha kusonga ugali, mwiko ukiwa mkononi, mpaka ipite. Alikuwa anajua nani kapita bila kuchungulia.

Na macho yake yalikuwa mekundu. Ni moshi tu, moshi wa miti ya pamba na samadi kavu kwa zaidi ya miaka hamsini. Nalisema hili mapema kwa sababu kwetu, miaka ile, macho mekundu ya mwanamke mzee hayakuwa jambo dogo. Tulijua yaliyowapata wanawake wengine vijijini walioitwa wachawi kwa macho kama hayo.

Mbio za kwanza zilianzia hapa hapa Bariadi. Waendeshaji walipojipanga, bibi alipita mbele yao polepole, mikono nyuma, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Alimwonyesha mmoja wa shati jekundu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba huyo hafiki. Waliokuwa karibu walicheka. Gurudumu la mbele la kijana huyo lilikunjika kabla hata hajaiacha mitaa ya mwisho ya mji. Bibi alieleza kwamba alisikia spoku mbili zinalia. Watu wakafurahi, na mwenye duka akamnunulia soda.

Aliyeshinda siku hiyo alikuwa wa kwetu, mwenye shati la njano, kijana mrefu wa Lingeka, huko Meatu, aliyekuwa zamani akibeba maziwa kwa baiskeli kuyapeleka mnadani. Bibi alimpenda kwa sababu ndiye pekee aliyekuja kumwamkia. Toka siku hiyo tukawa watu wake. Tulijua anakula nini, analala upande gani wa lori, goti lipi linamuuma.

Mbio za pili zilikuwa Nyashimo, kwenye barabara kuu iendayo Musoma. Kulikuwa na kijana wa shati la kijani ambaye wengi walisema atamshinda wa kwetu. Bibi alimtazama akasema, "Huyu naye hafiki." Safari hii hakuna aliyecheka, maana wengi walikuwa wanamngojea aseme.

Kijana yule alianguka mahali palipo wazi, barabara imenyooka, hakuna mtu aliyemgusa. Baiskeli haikuwa na kasoro. Walipomwinua alisema kuna mtu alimwita kutoka kwenye mtama, akamwita kwa jina la utotoni ambalo ni mama yake tu anayelijua. Alipogeuka hakuona mtu.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza bibi alijuaje. Alisema yule kijana alikuwa anapumulia mdomo hata kabla ya kuanza. Nilitaka kuridhika na jibu hilo. Lakini mimi nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko bibi, nikimfunga namba mgongoni, na alikuwa amefunga mdomo.

Tulipofika Mwandoya kwa mbio za tatu, habari zilikuwa zimetutangulia. Watu walijaa pande zote mbili za barabara, lakini pale tulipokwenda kusimama walisogea, tukabaki peke yetu, kushoto hakuna mtu na kulia hakuna mtu. Jua lilikuwa la utosi. Waendeshaji walikuwa wamevuta kofia mpaka usoni. Mtu mmoja akauliza kwa mbali, "Leo nani?" Bibi hakujibu. Alikuwa ameahidi lorini kwamba hatasema neno, na hakusema. Ila mtu hawezi kufumba macho siku nzima. Kila alipogeuza uso, watu wa upande huo walirudi nyuma. Mwendeshaji mmoja aliyekutana naye macho kwa macho alishuka kwenye baiskeli, akafungua ile namba niliyoishona mimi, akaiweka chini akaikandamiza kwa jiwe, akaondoka zake kwa miguu. Hakuna aliyemwita arudi. Nikasikia mnyororo wa baiskeli aliyoiacha ukidondosha mafuta mavumbini, au nilidhani nimesikia.

Wa kwetu alishinda tena. Kwenye lori watu wote walijibana upande wa mbele, sisi tukaachiwa nyuma. Yeye peke yake alikuja akaketi nasi, akampa bibi maji yake. Niliona kitu ambacho sikukisema. Alikuwa amekaa, amechoka, anaongea na bibi habari za ng'ombe, lakini miguu yake ilikuwa bado inazunguka, kidogo kidogo, kana kwamba pedeli ziko chini yake.

Baada ya Mwandoya nyumba yetu ilibadilika. Majirani hawakuja tena kuomba moto. Asubuhi moja tulikuta mstari wa majivu umechorwa kutoka ukingo wa barabara mpaka kizingitini kwetu. Bibi aliufagia kama anavyofagia siku zote. Mwenye duka, ambaye alikuwa mtu mpole, aliniita pembeni akaniambia, "Binti yangu, chukua cherehani ukashonee nyumbani kwa siku hizi chache." Hakuniangalia aliposema hivyo.

Mbio za mwisho zilipangwa kumalizikia Bariadi. Siku moja kabla, mchana, kijana wa Lingeka alikuja kwetu peke yake akikokota baiskeli.

"Mwadila, mayu," alisema, yaani habari za mchana, mama, kwa heshima ile ile ya siku zote. Bibi aliitikia, akampa kigoda. Hakukaa.

"Kesho naomba usije barabarani," alisema. "Mimi sikuogopi. Wenzangu ndio wanakuogopa, na mtu mwenye hofu anaweza kumwangusha mwenzake."

Bibi alikubali upesi, kama mtu aliyekuwa anasubiri aombwe. Kijana akashukuru, akafika mlangoni, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili asitoke.

"Lakini niambie, mayu. Nitafika?"

Bibi alimwambia aache mambo hayo. Akamwambia yeye husikiliza magurudumu tu, hana kingine. Kijana akasema basi asikilize. Aliingiza baiskeli ndani, akainua gurudumu la nyuma, akazungusha pedeli kwa mkono. Tulisimama watatu tukiliangalia linavyozunguka. Lilizunguka muda mrefu, spoku zikawa kama ukungu.

"Utafika," bibi alisema.

Alipoondoka nilimuuliza amesikia nini. Alikaa kitako kwanza.

"Sijasikia kitu," alisema. "Gurudumu bovu lina sauti yake, na zima lina yake. Lile halikuwa na sauti."

Nilitaka kusema kwamba limepakwa mafuta vizuri. Lakini nami nilikuwa nimesimama pale, na sikuwa nimesikia kitu.

Kesho yake bibi alijifungia ndani, akakaa ameipa barabara mgongo. Nyumba yetu iko kusini mwa mji, barabara ya kwenda Maswa, mbele zaidi ya pale mbio zilipoishia. Mimi nilikwenda kusimama barazani kwa mwenye duka, penye mstari wa kumalizia. Wa kwetu alitokea peke yake, wengine hawaonekani hata vumbi lao. Watu walimshangilia. Tajiri wake alikuwa amesimama na shada la maua ya karatasi. Kijana akavuka mstari, akaendelea.

Tulidhani anapunguza mwendo taratibu, kama wanavyofanya. Hakupunguza. Alipita soko, akapita nyumba za mwisho, shati la njano likawa dogo, kisha barabara ikawa tupu. Watu waliendelea kupiga makofi kwa muda, mmoja mmoja wakaacha.

Nilikimbia nyumbani. Bibi alikuwa pale pale.

"Amepita hapa," nilimwambia. "Umemsikia?"

"Hajapita mtu," alisema bibi.

Lakini alikuwa amepita. Jirani wa ng'ambo alimwona akipita mlangoni kwetu, uso ameugeuzia nyumba.

Lori la tajiri lilimfuata. Dereva alisimulia baadaye kwamba waliambiwa njiani kwamba amechepukia njia ya Mwandoya. Mwanamke muuza uji alikuwa amemsalimia, kijana hakuitika, miguu inazunguka tu. Wachungaji nao walimwona mbele zaidi. Kisha wakafika kwenye mto mkavu, mchanga laini, ambao hakuna baiskeli inayoupita bila kukokotwa. Kulikuwa na alama za kwato za ng'ombe na za matairi ya gari la jana yake. Alama ya baiskeli haikuwapo, ya kushuka wala ya kupanda.

Asubuhi iliyofuata wanaume walisimama ng'ambo ya barabara, wakitazama nyumba yetu. Walikuwa saba au wanane, wana fimbo kama mchungaji yeyote anavyokuwa na fimbo. Hawakutukana, hawakurusha jiwe, walisimama tu. Jua lilipokuwa kali walihamia kivulini, wakaendelea kusimama. Siku ya pili waliongezeka. Balozi wa nyumba kumi alipitia mlango wa nyuma, akatushauri twende kwa ndugu zetu. Bibi alisema akiondoka watasema amekimbia. Mimi sikuwa na ujasiri wake. Nilikuwa nahesabu hatua kutoka kitandani kwake hadi mlango wa nyuma, nikijiuliza kama nitaweza kumbeba.

Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, lori la pamba kutoka Meatu lilisimama mbele ya nyumba, akashuka mwanamke mmoja. Alikuwa mrefu. Kwa ule urefu nilijua ni mama wa kijana wetu. Wale wanaume walimpisha njia. Mmoja alimwambia kitu, akapita.

Aliingia, akamwamkia bibi kwa adabu zote za Kisukuma, salamu ndefu, ya ng'ombe, ya mvua, ya watoto. Bibi akaitikia kila moja. Kisha akauliza, "Mwanangu alikuja hapa?"

"Alikuja."

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia atafika."

Mwanamke alikaa kwenye kigoda. Halafu akatusimulia kwamba mara ya mwisho mwanawe alipokwenda Lingeka alimwambia hajui tena wakati gani anaendesha na wakati gani amesimama. Alikuwa anakula miguu ikizunguka chini ya kigoda. Usingizini shuka lilikuwa linakwenda huku na huku. Alimwomba aache kazi ile. Kijana alisema msimu ukiisha.

"Alikuwa ameanza kwenda kabla ya kukutana na wewe," alimwambia bibi. Kisha akaniomba mimi chakula.

Nilisonga ugali. Alikitoa kigoda nje mwenyewe, akatoa na cha bibi, akataka sahani iwe moja. Wakala wawili pale mlangoni, mchana kweupe, watu wote wakiona mkono wa mama wa aliyepotea ukiingia sahani moja na mkono wa bibi. Alipomaliza alinawa, akavuka barabara, akamwamkia kila mwanaume, mmoja mmoja. "Mwadila, baba." Ilibidi waitike. Aliyekwisha kuitika hakujua tena asimame pale kwa ajili gani. Waliondoka bila kusemezana.

Hapo ndipo nilipolia, jikoni, nikiwa na sufuria mkononi.

Kijana hakuonekana. Tajiri wake hakurudi msimu uliofuata, na waliobaki walirudia kugawa kofia. Bibi hakuzungumzia tena magurudumu. Niliwahi kumuuliza kwa nini alimwambia atafika. Alisema kijana alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, na yeye hakupata jibu lingine. Alikufa miaka mingi baadaye, kitandani kwake, kwa ugonjwa wa kifua. Mwanamke wa Lingeka, aliyekuwa akija kwetu kila baada ya mavuno, alikuwa miongoni mwa waliomwosha.

Mwaka mmoja hakuja. Nilipanda lori nikamfuata. Nilimkuta mzima, goti tu lilikuwa limevimba. Tuliongea habari za pamba na za watoto wangu mpaka jua likageuka. Nilipoaga nilimuuliza kama ndugu wamekubaliana kumwekea mwanawe matanga. Alisema bado, mtu aliye njiani hawekewi matanga. Akanifungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kanga, akajikongoja kunisindikiza hadi barabarani, tukakaa juu ya jiwe kusubiri lori.